Baiskeli Kuukuu za Mpakani Busia na Tororo

Wanaoandika habari za usafiri wa Afrika Mashariki aghalabu huanza na reli, na hawana lawama, kwa kuwa reli ya kutoka Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, iligharimu mali nyingi na roho nyingi za watu, na tangu hapo haikukoma kuandikiwa vitabu. Lakini liko jambo jingine, lisilokuwa na mhandisi mwenye shahada wala hazina ya serikali nyuma yake, ambalo limeubadili mwendo wa watu wa kawaida katika nchi hizi, likaingia hata kwenye vichochoro na mashamba ambako reli haikupata kufika. Nalo ni kugeuzwa kwa baiskeli kuukuu ya mkulima kuwa chombo cha kuchukulia abiria kwa nauli. Jambo hilo lilitendeka katika miaka ya 1960, katika ukanda wa mpaka baina ya Kenya na Uganda, Busia kwanza na Malaba baadaye, na kutoka huko likaenea katika vijiji vya Tororo, Molo ikiwa mojawapo ya mahali hapo, kisha likashika njia zote za Afrika Mashariki. Leo jina la bodaboda linajulikana na mkubwa na mdogo, walakini ni wachache wanaoijua kazi ya mikono iliyolitangulia jina, na kazi hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza.

Yafaa msomaji asiyeijua nchi ile aelezwe kwanza mahali pa mambo yenyewe. Molo ninayoitaja si Molo ya Nakuru, mji wa baridi, viazi na kondoo. Ni kata iliyomo katika wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, katika nchi ya Waiteso, ambao ndugu zao wa damu wamekaa ng'ambo ya mpaka, katika Teso ya Kenya. Kusini yao wako Wasamia, waliogawanyika vivyo hivyo, baadhi huku na baadhi huko. Magharibi wako Wapadhola, wenye lugha iliyo jamaa ya Kijaluo. Na juu ya wote umesimama mwamba wa Tororo, ambao msafiri huuona kwa mbali kabla ya kuuona mji. Mgawanyo wa watu hawa haukutoka kwao. Hadi mwaka 1902 Himaya ya Uganda ilienea upande wa mashariki mpaka Naivasha, na mtu wa Busia na mtu wa Molo walihesabiwa kuwa raia wa himaya moja. Mwezi wa Aprili mwaka huo Waingereza wakaukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 mpaka ukaandikwa rasmi kwa amri kutoka London, ukifuata katika sehemu zake mito kama Sio na Malaba, ambayo wenyeji walikuwa wakiivuka kwenda kununua mbegu, kuposa na kuzika.

Kwa muda mrefu mpaka huo ulikuwa mwepesi. Tangu mwaka 1917 Kenya na Uganda zilikuwa katika umoja mmoja wa forodha, shilingi, posta na reli nazo zikawa za pamoja, hata mwenye gunia lake la mtama akitoka Molo kwenda soko la upande wa pili hakuwa na sababu ya kuhofu isipokuwa mvua. Uzito wa mpaka ulikuja kidogo kidogo baada ya uhuru, ule wa Uganda wa tarehe 9 Oktoba 1962 na ule wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa fedha yake, na mara mwenye duka akalazimika kuwa na makasha mawili. Mwaka uliofuata ukatiwa sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao pamoja na kuziunganisha nchi tatu kwa mengi uliziruhusu pia kutoza kodi bidhaa za viwanda zilizovuka kutoka nchi mwenzi. Zikasimama nguzo na malango, kukawa na makaratasi na mihuri, na baina ya lango la Kenya na lango la Uganda pale Busia kukabaki kipande cha njia cha zaidi ya nusu maili, ambacho hakikuwa cha huku wala cha huko.

Kipande hicho ndicho kilichozaa kazi yote. Basi lililotoka Kisumu lilifika likawashusha watu upande wa Kenya, na gari la kwenda Jinja na Kampala likawangoja upande wa Uganda, kwa sababu motokaa kuvuka kulihitaji hati nyingi na subira kubwa, ilhali mtu mwenye miguu yake alipita kwa kuonyesha kipande cha karatasi tu. Sasa mfikirie mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzigo wa ndizi kichwani na kikapu mkononi, jua likiwa la saa saba, akitakiwa kuuvuka utupu ule kwa miguu. Kisha mfikirie kijana wa Kisamia au wa Kiteso amesimama kando yake na baiskeli aliyoachiwa na baba yake, nayo baiskeli haimtaki hati ya motokaa wala bima. Hapakuhitajiwa mtu wa tatu wa kuwapatanisha. Vijana wakawa wanapaza sauti wakiwaita wasafiri wa kutoka mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza cha mpakani, na mwito huo wa kuwaitia abiria ndio uliogeuka jina la kazi, bodaboda.

Lakini baiskeli yenyewe haikuumbwa kwa kazi hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha habari. Baiskeli ziliingia nchi ile kwa fedha za pamba. Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903, ikaenea upesi upande wa mashariki, Teso na Bukedi, na mkulima aliyelipa kodi yake akabakiwa na salio alikuwa na matamanio machache yaliyo dhahiri: shuka la mkewe, bati la nyumba, na baiskeli. Aliinunua katika duka la Mhindi, na aghalabu ilikuwa Raleigh iliyoundwa Nottingham, Uingereza. Baadaye zikaja za India, kama Hero na Avon za mji wa Ludhiana, na za Uchina, kama Phoenix ya Shanghai. Zote zilikuwa za namna moja, nyeusi, nzito, ndefu, zenye gia moja, magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, na breki za vyuma vinavyovuta raba kwenye ukingo wa rimu. Wakenya waliiita Black Mamba. Ilikuwa baiskeli ya mtu mmoja mwenye kofia na suruali safi, aendaye mahakamani au kanisani, na keria yake ya nyuma, kijichuma chembamba chenye kibano cha springi, ilitosha kuchukua koti lake au furushi la barua, wala haikudhaniwa na waliokiunda chuma hicho kwamba siku moja atakaa juu yake mwanadamu mzima.

Aliyetaka kuchukua abiria kwa keria ile ya kiwandani aliona matokeo yake siku hiyo hiyo. Uzito wa mtu ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupotea mkononi. Vyuma vyembamba vya keria hupinda kisha hukatika penye tundu la skrubu. Spoku za nyuma, hasa zile za upande wa mnyororo ambazo hukazwa zaidi ya wenzake, huanza kukatika moja baada ya moja, rimu ikaingia mawimbi, na breki zikawa zinashika mahali na kuachia mahali. Abiria naye hana pa kuweka miguu, hana pa kushika, na chuma humchoma. Basi mwenye baiskeli alikuwa na njia mbili: kuiacha kazi, au kuipeleka baiskeli kwa fundi chini ya mti, akamweleza shida zake moja moja.

Fundi wa mpakani hakuwa na michoro. Alikuwa na tindo, nyundo, msumeno wa chuma, koleo, na alipobahatika alikuwa karibu na mwenye mtambo wa kulehemu. Aliitoa keria ya kiwandani akaitupa kando, akapinda nondo akaunda keria mpya, pana na ndefu, yenye miguu minne au zaidi inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma, ili uzito usianguke kwenye skrubu dogo la chini ya tandiko bali uteremke moja kwa moja kwenye gurudumu. Aliisogeza mbele kadiri ilivyowezekana, mpaka ikakaribia kugusa tandiko la mwendeshaji, kwa kuwa alikwisha kutambua, pasipo kusomeshwa elimu ya mizani, kwamba kila inchi anayomsogeza abiria mbele ni inchi anayoirudishia usukani nguvu yake. Juu ya keria aliweka ubao, na juu ya ubao mto, zamani wa matambara au nyasi kavu, baadaye wa sponji, ukavikwa ngozi ya bandia na kupigiliwa misumari ya vichwa vipana ukingoni. Na wenye kupenda urembo wakatia nyuzi za rangi zilizoning'inia pande mbili.

Kisha yalifuata mambo ambayo jicho la mpita njia huyasahau, nami nayaona kuwa ndiyo yenye ustadi mkubwa. Kwa ajili ya miguu ya abiria vilichomewa vikanyagio kwenye ncha za ekseli, na kwa kuwa wanawake wengi wa nchi ile walikaa upande upande kwa heshima ya mavazi yao, kikanyagio cha upande huo kilirefushwa ili miguu miwili itoshe pamoja, na mwendeshaji akajifunza kuinamisha mwili wake upande wa pili kidogo ili chombo kisielemee. Chini ya tandiko kilifungwa kipande cha chuma cha kushika mkono, ili abiria mgeni asilazimike kumkumbatia mwanamume asiyemjua. Foku ya mbele ikaongezewa vyuma viwili vya kuisaidia, rimu ya nyuma ikasukwa upya kwa spoku nene, stendi nyembamba ya upande ikabadilishwa kwa stendi ya miguu miwili iliyoweza kuisimamisha baiskeli na mzigo wake wote, na kwenye bamba la matope la nyuma kikaning'inizwa kipande cha raba ya gari kilichoandikwa kwa rangi jina la mwenye chombo, au sala, au neno la kuwajibu mahasidi. Tyubu kuukuu hazikutupwa. Zilikatwa vipande virefu, zikawa kamba za kufungia magunia, na hata leo hakuna kamba ya dukani inayozishinda kwa kunyumbuka na kushika.

Kwa hiyo chombo kilichotoka chini ya mti ule hakikuwa tena kile kilichotoka Nottingham au Ludhiana, ingawa fremu ilikuwa ile ile na nembo ya kiwanda bado ilikuwa kwenye shingo yake. Nasema haya kwa mkazo kwa sababu wako wanaodhani kwamba bodaboda ni baiskeli tu iliyopata abiria, kana kwamba ustadi ulikuwa wa kiwanda na bahati ikawa ya Mwafrika. Shirika la Kazi Duniani lilipotuma wataalamu wake Kenya, na taarifa yao ikatoka mwaka 1972, walikiri kwamba kazi za mafundi wadogo waliofanya kazi nje ya hesabu za serikali zilikuwa na tija na ubunifu, na zilistahili kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Jina la juakali, walilopewa mafundi hao, likaja kuwa fahari. Lakini fundi wa Busia alikuwa amekwisha kufanya kazi hiyo kabla ya taarifa kuandikwa.

Wala hakuwa peke yake duniani katika akili ya namna hii. Katika milima ya Utah, Marekani, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa ubao mmoja waliofungia miguu yote miwili, walitokea katika miaka ya 1990 watu waliochukua ubao wao wa zamani, wakaupasua kwa msumeno kutoka ncha hadi ncha, ili nusu mbili zivaliwe mguuni kila moja peke yake wakati wa kupanda mlima, kisha ziunganishwe tena kileleni kwa ajili ya kuteremkia. Na kampuni ya Voilé ya mji wa Salt Lake City ikawauzia vyuma vya kuunganishia, ili kila mtu aifanye kazi hiyo nyumbani kwake. Hao walitafuta starehe ya mlimani, na watu wetu walitafuta riziki ya siku. Hata hivyo ujasiri ni ule ule wa kutia msumeno kwenye kitu cha thamani ulichonacho, ukijua kwamba ukikosea huna kingine.

Riziki hiyo iliingia giza na kunona kwa wakati mmoja baada ya tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipoitwaa serikali ya Uganda. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, maduka yakagawiwa watu wasiojua tijara, viwanda vikasimama, na miaka michache baadaye sukari, chumvi, sabuni na nguo zikawa vitu vya kutafutwa kama dawa. Upande wa pili wa mpaka vitu hivyo vilikuwako. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda mno, na kahawa ya Uganda, ambayo serikali iliilipa kwa fedha isiyonunua kitu, ikaanza kukimbilia Kenya kwa njia zote: kwa malori penye rushwa, kwa punda na vichwa vya watu kupitia Chepkube chini ya Mlima Elgon, na kwa baiskeli kupitia njia za panya za Busia na Malaba. Keria ile iliyoundwa kwa mama mwenye mtoto ilidhihirika kuwa inaweza kuchukua gunia zima, na usiku baiskeli haina ngurumo ya kumwamsha askari.

Magendo ni magendo, nami siyasifu. Yalizikosesha hazina mapato, yaliwatajirisha wakubwa waliokaa mbali wakiwatuma wadogo kufa, na walikuwako vijana wa vijiji hivi waliokamatwa wakapigwa, na wengine hawakurudi. Lakini mwandishi wa historia ana wajibu wa kuuliza mwenye kubeba chumvi usiku alikuwa akimpelekea nani. Na katika vijiji vya Tororo alikuwa akiwapelekea jirani zake, waliokuwa wakila chakula kisicho na chumvi kwa makosa ambayo hawakuyatenda. Baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na Amin kuanguka mwaka 1979 shida haikwisha kwa siku moja, na uadui wa serikali ulidumu. Mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalirushiana risasi pale Busia na mpaka ukafungwa, na wenye baiskeli wakakaa na vyombo vyao kando ya njia isiyokuwa na mtu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ilikomaa pale Busia kazi nyingine ya kugeuza vyombo, nayo inastahili kuandikwa kwa heshima kubwa kuliko ya kwanza. Walikuwako watu wengi waliolemazwa na ugonjwa wa kupooza utotoni, na baadhi yao walipata kutoka kwa wahisani baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, mnyororo ukipita mbele ya kifua. Vyombo hivyo vilitolewa kwa nia ya kumfikisha mtu shuleni au kanisani. Watu wa Busia wakaona zaidi ya hapo. Maofisa wa forodha, ama kwa huruma ama kwa aibu ya kumpekua mtu asiyeweza kusimama, waliwaachia wapite na kiasi cha bidhaa bila ushuru. Nao wakawaendea mafundi, nyuma ya kiti kukajengwa sanduku la vyuma, fremu ikarefushwa, magurudumu yakatiwa nguvu, mpaka chombo cha kumfikisha mgonjwa kanisani kikawa gari la mizigo lenye kuchukua magunia, mwenyewe akikaa mbele na usukani, na kijana mwenye miguu mizima, aliyeajiriwa naye kwa ujira, akisukuma nyuma. Susan Reynolds Whyte wa Denmark na Herbert Muyinda wa Uganda, walioichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2007, walionyesha jinsi watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa mzigo wa jamaa zao walivyogeuka wachukuzi, wenye nyumba, wenye wake na watoto shuleni. Mimi sijui tukio jingine katika historia ya mpaka huu linalonipa furaha kubwa kama hili.

Turudi kwenye baiskeli ya magurudumu mawili. Haikubaki mpakani. Kijana aliyefanya kazi Busia msimu mmoja alirudi kwao Molo, au Mbale, au Kisumu, akiwa na chombo na ujuzi, na pale kijijini akakuta haja ile ile kwa sura nyingine: njia kuu ina magari, lakini kutoka njia kuu kwenda zahanati, kwenda soko, kwenda shule, hakuna kitu. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilitoa utafiti wa Christina Malmberg Calvo juu ya baiskeli na wanawake wa mashambani nchini Uganda, na maudhui yake yanaonyesha jambo ambalo wanaume waliopanda baiskeli hawakulisema wenyewe, kwamba wanawake ndio waliobeba mizigo mingi ya nchi kwa vichwa vyao, na ni wachache mno kati yao walioruhusiwa na desturi au mfuko kuwa na baiskeli yao. Kiti kile chenye mto, kwa hiyo, hata kama kiliendeshwa na mwanamume, kilikuwa kwa wanawake wengi mara ya kwanza ya kusafiri pasipo mzigo kichwani. Na mjamzito aliyefikishwa hospitali Tororo kwa baiskeli usiku wa manane, mwendeshaji akisukuma kwenye mwinuko na kupanda kwenye mteremko, yeye hakuhitaji kuelezwa faida ya sanaa hii na mtu yeyote.

Kwingineko Afrika Mashariki watu walifika penye jibu kama hilo kwa njia zao. Shinyanga, Tanzania, baiskeli za abiria ziliitwa daladala, kwa kuigiza jina la mabasi madogo ya Dar es Salaam. Na Goma, Kongo ya mashariki, ambako baiskeli ilikuwa ghali kuliko uwezo, watu walichonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali, kinachoteremka milima ya lava kikiwa na magunia ya viazi na makaa. Hata hivyo jina lililoshinda ni la Busia.

Mwisho wa enzi ya baiskeli ulikuja na injini. Pikipiki zilianza kuonekana katika kazi hii nchini Uganda katika miaka ya 1990, na nchini Kenya mlango ulifunguka wazi mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, yaani zile ndogo zote. Zikamiminika Bajaj na TVS kutoka India na nyingine nyingi kutoka Uchina. Mwenye pedali hakuweza kushindana kwa mwendo, ingawa kwa bei aliendelea kumshinda mwenye petroli kwa safari fupi. Fundi yeye hakupoteza kazi. Pikipiki ikitoka dukani leo hupelekwa kwake kabla ya kupelekwa barabarani: kiti hurefushwa, keria ya kiwandani hutolewa na kuwekwa ya nondo, hufungwa vyuma vya kulinda miguu na injini, na wengine huongeza mwavuli mkubwa wa mvua na jua. Ukiyatazama maumbo hayo kwa makini utaona mkono ule ule uliopinda nondo ya kwanza kwa ajili ya Raleigh.

Mpaka nao umerudi kuwa mwepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ukaanza kazi mwaka 2005, na soko la pamoja mwaka 2010. Kwa wachukuzi wa magurudumu matatu wepesi huo ulikuwa na uchungu wake, maana ushuru ulipopungua kwa bidhaa za nchi wanachama, fadhila waliyokuwa nayo peke yao ikapungua thamani. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na ule utupu wa zaidi ya nusu maili, uliowapa kazi vijana wa kwanza, haumkalifu tena mtu kama ulivyomkalifu mama wa ndizi. Ni jambo jema, nami nalifurahia kwa moyo wote. Lakini pamoja na majengo mapya zimebomolewa pia zile alama ambazo mzee angeweza kumwonyesha mjukuu wake akisema, hapa ndipo tuliposimama tukiita.

Baiskeli zenyewe zinakwisha. Nyingi zimeuzwa kwa mizani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, fremu pamoja na keria, na waliozigeuza wamezeeka. Hawakuandika kitu, wala hawakuombwa. Nawasihi kwa hiyo walimu wa shule za Busia pande zote mbili, za Malaba, za Molo na za Tororo, wawatume wanafunzi wao kwa mafundi wazee wakingali hai, na daftari mkononi, wawaulize ni nani aliyewafundisha, nondo walizitoa wapi, mto wa kwanza ulijazwa nini, na nauli ya kuvuka ilikuwa senti ngapi, kisha waandike majibu pamoja na majina kamili ya waliojibu. Nawasihi pia wenye mamlaka wa kaunti ya Busia nchini Kenya, na wa wilaya za Busia na Tororo nchini Uganda, watafute baiskeli moja iliyokamilika, yenye keria yake ya nondo, mto wake na vikanyagio vyake, na moja ya magurudumu matatu yenye sanduku lake, waziweke ndani ya kituo cha pamoja mahali ambapo kila avukaye ataziona, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kipadhola. Gharama yake ni ndogo, na kazi hiyo yaweza kuanza mwaka huu.